Mgeni Alifika Wapi

Bi Majanga akiingia kwenye harusi, watu hutazama paa. Ni utani tu, lakini hutazama. Mwenye shughuli akimwona mlangoni husema, "Jamani, Bi Majanga kaja, hebu angalieni kama turubai limefungwa vizuri," na watu hucheka, na yeye hucheka nao, kisha huenda mwenyewe kujaribu kamba moja moja. Mara nyingi huikuta iliyolegea.

Jina hilo alipewa na kazi yake. Ni mtathmini wa hatari katika ofisi ya wilaya, na chumba chake kiko mwisho kabisa wa ujia, baada ya stoo ya viti vibovu. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza na nzito kuifanya: kwa kila mahali ndani ya wilaya, aseme ni balaa gani linaweza kupafikia, maji, moto, upepo au mlima kuporomoka, na likija litamkuta nani. Majibu yake hupakwa rangi kwenye ramani kubwa inayofunika ukuta mzima. Nyekundu ni pabaya, manjano ni pa kuangaliwa, kijani ni salama. Wakubwa wanapenda kijani. Akipaka kijani husalimiwa hata na watu wasiomjua. Akipaka nyekundu, chai haifiki mlangoni kwake siku hiyo.

Alizaliwa mtaa wa chini, ule ulio kando ya mto, na ubishi wake aliutoa huko huko. Mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Fundi, ni mshonaji. Cherehani ya Bi Fundi imekaa juu ya jukwaa la saruji, na kila asubuhi yeye hupanda jukwaa hilo kama anayekwenda kuhutubia. Kitanda chake kimenyanyuliwa kwa matofali. Mabegi ya nguo za wateja yananing'inia kwenye misumari mirefu. Na soketi za umeme ziko usawa wa bega la mtu mzima. Nyumba zote za mtaa zilikuwa hivyo, na mtoto hakuwahi kujiuliza kwa nini. Siku ya kwanza alipokwenda kwa rafiki yake wa shule, huko mtaa wa juu, akaona soketi karibu na sakafu, aliinama akaitazama kwa huruma, akauliza, "Hii nani kaiangusha?"

Walimcheka mpaka akarudi nyumbani analia. Mama yake hakumbembeleza. "Waache wacheke," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Wao soketi zao zina bahati, basi."

Alisoma, akaondoka, akarudi na cheti cha mambo haya ya maafa, na tangu hapo hajaweza kuingia ndani ya nyumba bila kuikagua. Mchumba wake alimpeleka kwao kumtambulisha, na kabla chai haijamiminwa alikwisha sema kwamba ukuta wa nyuma una ufa na utaanguka. Mama mkwe mtarajiwa alinuna. Uchumba ulivunjika mwezi uleule. Ukuta ulichelewa kidogo. Watu wakimuuliza kama anajuta, hujibu kwamba anauhurumia ukuta.

Basi mwaka mmoja wilaya iliagizwa iwe na ramani mpya. Safari hii isingetegemea vipimo peke yake. Wananchi nao waulizwe. Jambo jema, na Bi Majanga mwenyewe alilipigania. Vibarua wakapita nyumba kwa nyumba, fulana zao mpya zinang'aa, wakiuliza maswali yaliyotungwa makao makuu. Kisha majibu yakajumlishwa na mashine, na mashine ikachagua rangi.

Mkuu wa ofisi aliileta ramani hiyo chumbani kwa Bi Majanga akiwa ameikunjua tayari, anatabasamu. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, mwepesi wa kusaidia, na udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakupenda jambo lililokwisha lifunguliwe tena.

"Tumepona," alisema. "Bweni linajengwa."

Bweni hilo wilaya nzima ilikuwa ikilisubiri. Wasichana wa sekondari walikuwa wakitembea asubuhi gizani na jioni gizani, na wengine waliacha shule kwa sababu ya hiyo njia tu. Mfadhili alipatikana, mkandarasi akapatikana, na kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa uwanda ulio nyuma ya shule, chini, mwishoni mwa mtaa wa Bi Fundi. Kilichobaki kilikuwa saini ya mtathmini chini ya ramani.

Bi Majanga aliitazama. Mtaa wa chini ulikuwa kijani kibichi, kama tuta la mchicha. Akaanza kucheka, akidhani ni kosa la uchapaji. Mkuu hakucheka naye, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Mkuu, hapa mto huingia mpaka ndani. Hii haiwezi kuwa kijani."

"Vipimo vyetu vya mto unavijua, ni vya juzi juzi tu. Tumewauliza wananchi. Wameulizwa kama wamewahi kupata mafuriko. Wote wamesema hapana. Nyumba zote. Hata mmoja hakusema ndiyo."

Ndipo alipoelewa. Mtaa wa chini hauna mafuriko. Haujawahi kuwa nayo. Mto unapojaa ukavuka kingo na kuingia ndani, mtaa wa chini husema mgeni amekuja. "Mgeni alikuja usiku, akakaa siku mbili." "Kile kiti kilichukuliwa na mgeni." Neno mafuriko ni la redioni na la vitabuni, hutokea kwa watu wengine. Kibarua mmoja alikaa kwa Bi Fundi akanywa maji, soketi ikiwa juu ya kichwa chake, akauliza mafuriko, akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hapana, akashukuru, akaenda.

"Swali ndilo baya," alisema. "Wao huyaita mgeni. Wangeulizwa mgeni, wangeeleza mpaka mkimbie."

"Wewe ndiye utakayewasemea? Wao wenyewe wamesema hapana."

"Mimi nimezaliwa pale."

"Ndiyo hasa sababu hutakiwi kupasemea. Watasema unatetea kwenu." Mkuu alivuta kiti akakaa, akalainisha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Kiwanja kingine cha serikali hatuna. Tukisema pale hapafai, bweni linakwenda wilaya nyingine, na watoto wetu wanaendelea kutembea gizani. Alhamisi kuna mkutano wa wananchi. Wewe simama, sema ramani iko sawa, tia saini, twende kazi."

"Sitii."

"Usipotia wewe, atapatikana wa kutia."

"Mtafute. Na mwambie akimaliza kutia, akalale pale msimu wa mvua, na godoro lake."

Mkuu aliondoka bila kufunga mlango. Bi Majanga alibaki ameketi, na ukweli ni kwamba aliogopa. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda yule mchumba. Lakini zaidi ya kazi alimfikiria mtoto wa dada yake, aliyekuwa ameanza sekondari mwaka huo, mdogo wa umbo kuliko wenzake wote, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kabisa kati ya watakaoingia bwenini.

Jioni alikwenda kwa mama yake. Alimkuta jukwaani anashona sare za shule.

"Mama, kwa nini mlisema hapana?"

"Hapana kwa nani?"

"Kwa wale wa fulana. Waliuliza kama mnapata mafuriko."

"Na hatupati."

"Mama."

"Wewe mtoto, usiniite mama kwa sauti hiyo. Waliuliza mafuriko, nikawajibu mafuriko. Wangeuliza mgeni ningewajibu mgeni. Mimi nakata kitambaa nilicholetewa."

Bi Majanga aliketi kwenye ngazi ya jukwaa. Alimjua mama yake. Pale palikuwa na jambo ndani yake. Akangoja mpaka uzi ukakatika na cherehani ikanyamaza.

"Unazikumbuka nyumba za darajani?" Bi Fundi aliuliza, akitafuta tundu la sindano. "Hukumbuki, ulikuwa mgongoni. Mgeni alikuja, wakaja na wakubwa na mablanketi. Wakauliza, mmepatwa na nini? Watu wa darajani wakasema, mafuriko. Wakaandikwa, wakaambiwa pole. Mwezi uliofuata mtu akapita na rangi, akachora alama kwenye milango yao. Baada ya hapo likaja tingatinga. Wale watu wako wapi leo?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana hapa hatupati mafuriko."

Miaka yote Bi Majanga alidhani ni utani wa mtaa, neno la kuchekesha watoto wasiogope. Kumbe lilikuwa komeo la mlango, na mama yake ndiye aliyelitia. Akajiona mjinga, tena mjinga mwenye cheti.

"Bweni linajengwa uwandani," alisema hatimaye. "Mjukuu wako atalala pale."

"Vitanda vya bweni ni vya ghorofa. Atalala kitanda cha juu."

"Na watakaolala vya chini?"

Bi Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, na sare ikapita chini ya sindano mpaka mwisho, akaigeuza, akaishona tena palepale alipokwisha shona.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, na wanafunzi walisimama kando ya ukuta. Bi Fundi alikaa mbele, mkoba mapajani. Mkuu alibandika ramani ubaoni, akaeleza bweni vizuri sana, vyoo vya ndani, taa, uzio, mlezi wa kike. Watu walipiga makofi kwa moyo mweupe. Kisha akasema, "Sasa mtathmini wetu, ambaye ni binti yenu, atatuthibitishia kwamba pahali ni salama," akampa kalamu mbele ya watu wote. Alijua anachofanya.

Bi Majanga aliipokea kalamu, akaivika kifuniko, akaiweka mezani.

"Mimi sitii saini," alisema. "Na sitawauliza habari za mafuriko, kwa sababu najua hamjawahi kupata. Nina swali moja. Mgeni alipokuja mara ya mwisho, alifika wapi?"

Mzee mmoja alikohoa. Macho yote yalikwenda kwa Bi Fundi, na Bi Fundi akasimama, akamkata binti yake jicho ambalo lingetosha kukausha nguo.

"Kaa chini wewe mtoto."

"Sikai, mama."

"Ukipaka pale nyekundu watatuletea tingatinga!"

"Tingatinga la nini, mama?" Mkuu aliuliza kwa upole. "Si mmesema hakuna maji?"

Hapo Bi Fundi akakwama. Akisema maji yapo, amefungua mlango. Akisema hayapo, amemlaza mjukuu wake uwandani. Alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake binti alimwona mama yake hana la kujibu. Haikumfurahisha hata kidogo. Ilimuuma, na ile hasira aliyokuja nayo ikapata pa kwenda.

Akachomoa kalamu nyekundu kutoka kwenye nywele zake, alikozoea kuichomeka, akaenda ubaoni na kuupaka mtaa wa chini, uwanda na yote, palepale mbele ya Mkuu. Kalamu ilipiga kelele ubaoni. Halafu akageuka.

"Nyekundu hii mimi ndiye nimeipaka, na maana yake naisema mimi. Maana yake ni kwamba serikali isimlete mtu mwingine kulala pale. Haisemi waliopo wafukuzwe. Wakihamishwa, wahamishwe wakiwa wameshika ufunguo wa nyumba nyingine mkononi, na hilo nitaliandika kwenye ramani yenyewe, kwa herufi za kusomeka hata na asiyetaka kusoma. Na atakayekuja na tingatinga bila ufunguo atanikuta mlangoni kwa mama yangu, nimekaa. Nawaambia wote, na Mkuu anasikia. Sasa, mama, nakuuliza kwa heshima. Mgeni alifika wapi?"

Bi Fundi aliweka mkoba kwenye dawati, akanyoosha kiganja, akakilaza hapa, chini ya kidevu, kooni.

"Hapa," alisema.

Akaanza kutembea. Hakushusha kile kiganja wala hakukipandisha; alikibeba vilevile kilivyolala, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe, akapita kati ya madawati mpaka ukutani walikosimama wanafunzi. Akafika mbele ya mjukuu wake. Kiganja kikatua juu ya mdomo na pua ya mtoto, kikaziba. Mtoto alitoa macho, hakuthubutu kusogea.

"Huyu ndiye amesimama," Bi Fundi alisema, bila kugeuka. "Bado hajalala."

Halafu mwanamume mmoja wa nyuma akanyanyuka polepole, akaweka mkono kifuani. Jirani yake akaweka begani. Mama mmoja mfupi akaupeleka mkono wake juu ya kichwa, akasema, "Mimi nilikaa juu ya meza." Mikono ikaenea ukumbi mzima, kiunoni, kifuani, shingoni, kila mmoja kadiri ya nyumba yake na kimo chake, na ukiwatazama kwa mbali ungeweza kuona mstari wa maji ukipita katikati ya watu. Bi Majanga alilia, na hakujificha.

Mkuu alikaa. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hila tena. "Nimeona. Mungu ananishuhudia, nimeona. Lakini kiwanja kingine sina. Bweni litaondoka."

"Kiwanja mnacho," alisema Bi Fundi, akirudi kuchukua mkoba wake. "Kule juu kwenye ofisi zenu, mnapoegesha magari. Pako kavu, pana uzio, pana mlinzi. Mabweni hayaogelei, lakini magari yana magurudumu. Leteni magari huku chini."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka barabarani, na kikageuka makofi, na makofi yakakataa kwisha. Kicheko cha namna hiyo mkubwa hawezi kukijibu. Mkuu alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka naye.

Haikuwa rahisi kama kucheka. Kulikuwa na vikao, na wenye magari walinuna vibaya. Bi Majanga aliletewa barua ya onyo kwa kuharibu ramani ya serikali hadharani. Aliisoma, akaikunja vizuri, akaisokomeza chini ya mguu wa meza yake, ambao ulikuwa unacheza siku nyingi. Kupanda cheo alisahau. Baadaye alitokea bwana mmoja mtaa wa chini na kopo la rangi na brashi. Bi Fundi alimwambia kutoka jukwaani, "Mlango huo nimeupaka mwenyewe juzi. Ukiugusa utaukwangua kwa kucha." Bi Majanga alikuwa ameketi kizingitini kama alivyoahidi, ramani mapajani, kidole juu ya yale maandishi. Bwana yule aliyasoma mara mbili, akaondoka na kopo lake, na hajarudi. Akirudi atawakuta.

Mgeni naye hajaja tangu wakati huo. Misimu inapita, mto unapita mahali pake, na kuna watu wa kumtania. "Bi Majanga, vipi, mgeni wako kapotea njia?" Yeye hujibu, "Yuko njiani, anatembea kwa miguu," na anaendelea na safari yake. Hamwombi aje ili yeye aonekane mkweli.

Bweni lilijengwa palipokuwa pa magari. Siku ya kulifungua wazazi waliruhusiwa kuingia na kutazama, na Bi Fundi alipanda kilima taratibu, akipumzika njiani, na hakukubali kushikwa mkono. Mjukuu wake alimwonyesha kitanda chake. Kilikuwa cha chini. Mtoto alikichagua mwenyewe, kwa sababu ngazi ilimchosha.

Bi Fundi alikaa pale kitandani, akapapasa godoro, akaangalia dirisha, mlango, taa, kwa macho yaleyale ambayo binti yake huingia nayo kwenye nyumba za watu. Kisha akaona kitu ukutani karibu na mguu wake. Akainama, mkono kiunoni, mpaka uso wake ukawa usawa na goti.

"Hii," alisema, "nani kaiangusha?"

"Mimi, mama," alijibu Bi Majanga. "Fundi wa umeme aliniuliza aiweke wapi."